Maswali ya wasomaji: Wasami walishinda kesi, mitambo ikabaki

SWALI: Nasikia Wasami wa Norwei waliishinda kampuni ya umeme wa upepo mahakamani mwaka 2021, na mitambo bado inazunguka. Ushindi gani huo? – Msomaji, Marsabit

JIBU: Ndugu msomaji, kesi hiyo ni ya rasi ya Fosen, katikati ya Norwei, ambako Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Ulaya, hufuga reni, mnyama wa jamii ya kulungu wa nchi za baridi. Mitambo ni 151 katika mashamba mawili ya upepo: Storheia 80, Roan 71. Tarehe 11 Oktoba 2021 majaji 11 wa Mahakama ya Juu walisema kwa kauli moja kwamba leseni za mitambo hiyo ni batili. Zilivunja Kifungu cha 27 cha Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, kinacholinda haki ya jamii ya wachache kuishi kwa utamaduni wake, na kwa Wasami ufugaji wa reni ni utamaduni.

Lakini tazama kesi ilifikaje pale. Haikuwa shauri la kuomba mitambo ing'olewe. Lilikuwa shauri la kukadiria fidia, na uhalali wa leseni ukaamuliwa humo humo kwa sababu huwezi kukadiria fidia bila kujua kama leseni inasimama. Mahakama ikasema haisimami, ikaishia hapo. La kufanya baada ya hapo likarudi kwa wizara ya mafuta na nishati, ile ile iliyozithibitisha leseni mwaka 2013.

Na nguzo zilikuwa zimeshasimama. Sheria ya Norwei inamruhusu mjenzi kuomba kibali cha kuingia kwenye ardhi kabla fidia haijaamuliwa. Ujenzi ulianza 2016. Desemba 2018 kamati ya Umoja wa Mataifa inayopinga ubaguzi wa rangi iliiomba serikali isimamishe kazi Storheia wakati malalamiko yakichunguzwa, kazi ikaendelea. Kwa maoni yetu hapo ndipo Wasami walipopoteza malisho yao, karibu miaka mitatu kabla ya kushinda.

Februari 2023, siku 500 baada ya hukumu, vijana wa Kisami waliingia wizarani wakakaa, na wiki iliyofuata Waziri Mkuu Jonas Gahr Støre akaomba radhi. Wafugaji wa Fosen kusini walifikia makubaliano Desemba 2023, wa kaskazini Machi 2024. Mitambo inabaki, kusini wanalipwa kroner (sarafu ya Norwei) milioni 7 kwa mwaka, serikali inatafuta malisho mengine ya majira ya baridi, na leseni ikiisha haiongezwi bila ridhaa ya wafugaji.

Kwako Marsabit utakumbuka kwamba mwezi huo huo wa Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru ilikuta hati za ardhi ya mradi wa upepo wa Ziwa Turkana hazikupatikana kwa utaratibu. Huko nako mitambo, 365, ilikuwa tayari inazalisha umeme.

SWALI: Kwa nini reni wasifungiwe zizini miezi ya baridi na kampuni ilipie chakula? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Katika kesi hiyo hiyo ya Fosen, mahakama ya rufaa ilifikiri hivyo hivyo mwaka 2020, ikatoa fidia ya kroner kama milioni 89 kwa ajili ya chakula cha zizini. Mahakama ya Juu ikaikataa hesabu hiyo, na ilifanya vema.

Wakati wa baridi reni hula likeni, ule uoto wa kijivu unaoshika mawe na udongo. Huifikia kwa kuparua theluji kwa kwato. Theluji ikiyeyuka kidogo kisha ikaganda tena, hufanya tabaka la barafu ambalo kwato haipasui. Mnyama ananusa chakula chini yake na hakipati. Hapo kundi hupandishwa kwenye migongo ya milima, ambako upepo umepeperusha theluji na mawe yako wazi. Na mwenye mitambo naye anautafuta mgongo ule ule, kwa upepo ule ule. Reni, hasa majike wenye ndama, huepuka eneo la mitambo kwa kilomita kadhaa, kwa hiyo malisho yanayopotea ni mapana kuliko ardhi iliyochimbwa misingi.

Zizini kuna hatari zake. Tumbo la reni limezoea likeni. Ukimbadilishia ghafla chakula cha nafaka, tumbo hujaa asidi. Ukimpa nyasi kavu ngumu akiwa ameshakonda, zinakaa tumboni bila kusagika na anakufa kwa njaa tumbo likiwa limejaa. Msongamano nao hueneza maradhi ya macho na vidonda vya mdomo.

SWALI: Na migodi je? Wafugaji wanajitetea vipi mapema? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Mfano ni Gállok, karibu na Jokkmokk, Uswidi, mradi wa mgodi wa chuma kwenye ardhi ya wafugaji wa Kisami. Serikali iliruhusu Machi 2022, Mahakama Kuu ya Utawala ikakubaliana nayo Juni 2024, ingawa kibali cha mazingira ni hatua nyingine. Shimo lenyewe si tatizo lote: barabara ya malori ya madini hukata njia ya kuhama, na kundi lililokatwa njia halifiki malisho ya pili hata kama hayajaguswa.

Wafugaji wa Uswidi huchora ramani za matumizi ya ardhi kwa majira, wakitumia na kola za GPS, mikanda ya shingoni inayoonyesha reni alipo. Kosa la kawaida ni kuacha nje malisho ya akiba, yale yanayotumika miaka ya barafu tu. Mtaalamu wa kampuni akipita mwaka mzuri haoni hata kinyesi, anaandika kwamba hapatumiki. Andika basi mwaka gani kundi lilikwenda wapi, na kwa nini. Dai pia athari za miradi yote zijumlishwe, kwa sababu kila kampuni hupima wake peke yake na kila mmoja huonekana mdogo. Na zuio la ujenzi liombwe kabla ya greda la kwanza kufika.