Jibu: Binti yuko kidato cha pili, mwalimu anasema aache fizikia

Dada umeuliza kama umsikilize mwalimu anaesema binti aache fizikia na kemia kwa sababu eti wasichana huwa wanafeli mbele ya safari, mi nakwambia usikubali kabisa. Umesema mwenyewe hesabu anapata vizuri, sasa kigezo chake ni kipi zaidi ya kwamba ni msichana? Fizikia akiiacha kidato cha tatu ndo basi tena, kidato cha tano PCM (fizikia, kemia na hesabu) na PCB (fizikia, kemia na baiolojia) hazipati, uinjinia na udaktari vinafungwa hapohapo na mtoto hata miaka 16 labda hajafika, inauma sana. Msimulie habari za Prof. Verdiana Masanja, mwanamke wa kwanza Mtanzania kupata PhD ya hesabu, akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) miaka mingi tu. Na tangu 2022 kuna Samia Scholarship, ufadhili wa serikali wa kusoma chuo kikuu, kwa wanaofaulu vizuri sana sayansi kidato cha sita, kwahiyo ada isikutishe saa hizi. Ila na nyumbani angalia, asije akawa yeye anaosha vyombo na kuchota maji huku kaka yake anajisomea, gawa kazi. Halafu wahi shule ukaongee na mwalimu wa taaluma kabla hawajapanga mikondo.