Sungura hajala tangu jana? Weka hayo mabibo chini kwanza

Jana usiku nimepata meseji ya mama mmoja wa Tandahimba, naiweka hapa kama ilivyo maana msimu huu wa korosho meseji za namna hii zimekuwa nyingi: "Dada habari za saa hizi, samahani kwa usumbufu. Sungura wa mwanangu toka jana asubuhi hali, kajikunyata tu, majani hataki, nimempa bibo kalamba kidogo. Nina vidonge vya amoksilini vilibaki vya mtoto, nimpe nusu?"

Nilimjibu kwa herufi kubwa, anisamehe: USIMPE. Sio nusu, sio robo, hata ule unga uliobaki kwenye karatasi usimpe. Halafu bibo toa, maji weka, majani makavu weka, na mtafute bwana mifugo.

Sasa wacha nieleze, maana nikijibu kwa ukali bila maelezo watu wanasema dada wa sungura anaringa.

Nilikuwa na jike langu linaitwa Kitenge, kwa yale madoa yake. Mwenye macho ya kiburi kabisa, ukimwita haji, ukinyamaza anakuja. Akaanza kupiga chafya na kamasi. Nikaenda duka moja la dawa za mifugo hapa Mtwara mjini, jina silitaji na msiniulize inboksi. Kijana wa kaunta hajauliza sungura ana umri gani, ana uzito gani, akanitolea antibayotiki ya kuchanganya kwenye maji, jamii ya penisilini, akasema "hii hata mbuzi anapewa dada, sembuse sungura." Sembuse sungura! Hayo maneno mpaka leo nikipita mtaa ule yananirudia. Chafya zilipungua kweli, ila kinyesi kikageuka maji yenye harufu mbaya, tumbo likajaa, akaacha kula, na Kitenge akafa nikiwa nimemshika. Bwana mifugo nilipompelekea ile chupa akatikisa kichwa tu.

Ndo akanifundisha kitu ambacho yule kijana alipaswa kukijua kwa kazi yake. Mbuzi anacheua, sungura hacheui wala hawezi hata kutapika. Yeye chakula chake kinachachushwa nyuma kabisa, kwenye mfuko mkubwa unaokutana na utumbo mwembamba unapoishia, wataalamu wanauita sikamu. Mle ndani kuna bakteria wazuri wanaoishi kwa nyuzinyuzi za majani. Ukimnywesha amoksilini, ampisilini, penisilini, klindamaisini au linkomaisini, unawaua wale wazuri, wabaya jamii ya klostridia wanapata nafasi wanazaliana na kumwaga sumu. Haimaanishi sungura hana antibayotiki kabisa, zipo ambazo anavumilia, ila achague mtu aliyesomea na apime uzito kwanza. Kwahiyo mkisikia napiga kelele kuhusu vidonge vya watoto jueni kelele zinatoka wapi.

Baada ya Kitenge nikabaki na Pamba, dume jeupe. Na huyu nitamsema kwa kifua mbele.

Ilikuwa Idd, nyumba imejaa, wageni wametoka Newala na wengine Lindi, na kila mtoto anataka kumlisha Pamba. Niliwaambia majani tu. Wakaitikia "ndiyo shangazi", nikageuka jikoni, na wifi yangu mmoja (ananisoma, salamu wifi) akawagawia vipande vya mkate wa kumimina na biskuti wampe "na yeye asherehekee". Usiku nafagia banda naona sakafu safi. Mwenye sungura anajua, sakafu safi sio habari njema. Sungura mzima anatoa vidonge vya kinyesi 200 mpaka 300 kwa siku, yaani banda halitakiwi kuwa safi hata siku moja. Nikamulika tochi ya simu kwenye kona, vipo vichache, vidogo vidogo kama punje za pilipili manga, viwili vitatu vimeunganishwa na unywele. Pamba mwenyewe kakaa kajikunja, macho nusu, masikio ukiyashika ya baridi, na ukisogeza sikio lako karibu unasikia anasaga meno, krr krr, taratibu. Ile sio raha, ni maumivu ya tumbo. Kuna kusaga kwa raha ukimkuna kichwa, laini sana, ukiishi nao utazijua hizo sauti mbili.

Tumbo limesimama, ndo ugonjwa wenyewe. Utumbo wa sungura ukiacha kusukuma, gesi inajaa, maumivu yanamfanya asile, na asipokula ndo utumbo unazidi kulala. Sungura mkubwa akipitisha saa 12 bila kula wala kutoa kinyesi hiyo ni dharura, sio ya kusema tuone kesho.

Nikampigia bwana mifugo, Mungu ambariki alipokea sikukuu ile usiku ule. Akaniuliza swali moja la muhimu: tumbo limekaza kama ngoma au bado laini kama unga? Nikabonyeza pole pole, laini. Akasema hapo sawa, anza maji. (Lingekuwa limekaza ungekuwa mwiko kumlazimisha kula kitu chochote, hapo inaweza kuwa ameziba au amejaa gesi, ukimlisha unammaliza, anatakiwa daktari wakati huo huo.) Basi nikakaa kwenye mkeka, Pamba nimemfunga kwenye khanga, bomba la sindano bila sindano, namwekea maji ya vuguvugu pembeni ya mdomo nyuma ya meno ya mbele, tone kwa tone ili asipaliwe. Namkanda tumbo taratibu. Namshusha atembee. Namrudisha. Wageni wanakula pilau ndani wanacheka, "mwenzenu anauguza kitoweo". Wacha wacheke. Kabla ya alfajiri akachukua jani moja la nyasi akalitafuna mpaka mwisho, na kulipokucha vidonge vikaanza kutoka, vibaya vibaya vya kwanza, kisha vikubwa. Asubuhi bwana mifugo akaja akamchoma sindano ya maumivu akasema kazi kubwa umeshaifanya. Mi nilijifanya sijasikia ili arudie.

Sasa nisikilizeni, maana mnapenda kuniuliza dawa na mi nataka tuongelee chakula.

Sungura anakula majani. Narudia, majani, na ninaposema majani namaanisha nyasi. Katika kila alichokula kwa siku zaidi ya robo tatu iwe nyasi, mbichi au kavu, ziwepo mbele yake usiku na mchana asiishiwe. Nyasi ndo zinasukuma utumbo, na nyasi ndo zinasugua meno, kwa sababu meno ya sungura yanaota maisha yake yote na yakizidi urefu yanamchoma mdomoni anaacha kula, tumbo linasimama, tunarudi palepale. Mabingobingo sawa, ukoka sawa. Juu yake konzi ya mboga, matembele, mchicha, kishona nguo, kwa kiasi. Karoti ile ya kwenye katuni ni peremende, kipande cha kidole kinatosha tena sio kila siku.

Pumba, mkate, ugali, chapati, wali, hapana. Wanga ukifika kule nyuma kwenye sikamu unachacha vibaya. Chakula cha kuku hapana pia, kimejaa nafaka na kingine kimewekwa dawa za kuku ambazo sungura hazimfai.

Na mabibo. Najua Oktoba na Novemba yanaoza chini ya mti bure na sungura analipenda, ila bibo ni sukari na maji. Mtu anajaza sinia zima kisha ananiletea picha ya sungura kachafuka nyuma. Tena hapo wengi mnachanganya. Sungura ana kinyesi cha aina mbili, kile kikavu cha vidonge, na kingine laini, cheusi, kinang'aa, kimeshikana, ambacho anakichukua moja kwa moja nyuma kwake na kukimeza. Jirani akiona anasema sungura wako anakula mavi, ana wazimu. Hana wazimu, mle mna vitamini na protini zilizotengenezwa na wale bakteria, asipokula hicho anadhoofu. Mkimjaza mabibo na pumba kinakuwa kingi, hakimalizi, anakikalia, ndo ule uchafu mnaouita kuhara. Punguzeni sukari, ongezeni nyasi, kinaisha chenyewe.

Kuhara kwenyewe kwa maji ni kitu kingine, hasa kwa vitoto vilivyoachishwa kunyonya karibuni, tumbo kubwa mgongo mwembamba. Mara nyingi hapo ni koksidiosisi, ugonjwa wa vijidudu vya utumbo, na vinakufa haraka. Bwana mifugo siku hiyo hiyo, dozi apige yeye, banda likaushwe.

Mambo ya kwetu huku ambayo video za YouTube za Wazungu hazitakwambia. La kwanza salfa. Kuanzia mwezi wa 5 mashamba ya korosho yanapulizwa salfa ya unga kwa ajili ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na unga unatua kwenye nyasi zote za chini. Mi msimu huo sikati jani hata moja chini ya mkorosho, wala pale walipopuliza dawa ya maji. La pili kisamvu. Muhogo wetu mwingi ni mchungu, jani bichi lina sumu ile ile inayofanya tutwange na kuchemsha, sasa wewe unatwanga lako halafu la sungura unampa bichi? La tatu joto. Disemba mpaka Machi huku pwani sungura anahema mpaka anaacha kula, na asipokula mnajua kinachofuata. Banda chini ya mwembe, sio chini ya bati. Chupa ya maji iliyogandishwa, viringisha kitambaa, aegemee. Maji ya kunywa bakuli zito lisilopinduka, sungura wa kilo 2 anaweza kumaliza mililita 200 na joto likizidi anapita hapo.

Na ukibadilisha chakula badilisha kidogo kidogo kwa wiki nzima. Mnanunua sungura mnadani kazoea kitu kimoja, mkifika nyumbani mnamkaribisha kwa sinia la vitu kumi, keshokutwa "dada sungura wangu". Hivi mtoto mchanga mnamfanyia hivyo? Mtu ana hela ya kununua sungura wa kumfurahisha mwanae birthday ila hana muda wa kukata nyasi. Basi mnunulie mdoli, mdoli hausimami tumbo.

Yule mama wa Tandahimba kanijibu mchana, sungura kala nyasi kidogo na ametoa vidonge, bwana mifugo anamfikia jioni. Amoksilini ameirudisha kabatini, nimemwambia hata kwa mtoto haifai dawa ya kubaki, lakini hilo sio banda langu.

Na wanaouliza kama nauza majani makavu, siuzi. Kateni mvua zinapoelekea kuisha, mwezi wa 4, kabla nyasi hazijatoa mbegu na kabla watu hawajaanza kuchoma mapori. Anikeni kivulini, geuzeni, zikikauka zibaki na ukijani na harufu nzuri. Hifadhini kwenye magunia ya korosho juu ya mbao, sio kwenye nailoni, unyevu wa bahari ukiingia zinaota ukungu na nyasi zenye ukungu ni za kutupa. Gunia tupu omba kwa jirani, panga unalo.