Umemkata ndege, au umeikata picha?

SWALI: Nimempiga picha ndege aitwaye chozi akifyonza ua la mgomba nyuma ya nyumba. Alionekana mdogo mno, nikaondoa sehemu za pembeni ili yeye ajae. Nikamwandikia rafiki: "Ndege nimemkata vizuri, limeangalia kushoto na mbele yake pana nafasi." Akaniuliza nyama ipo wapi. Niseme nimemkata, nimeipunguza, au nimeikropu, kwa Kiingereza "crop"?

JIBU: Rafiki yako hana kosa. Kilichomwaga damu ni hicho kiambishi -m-. Kwa Kiswahili, kiungo cha mwili kikiguswa, kiambishi cha mtendwa humwendea mwenye kiungo: alimvunja mguu, alimnyoa ndevu, alimkata mkia. Ndiyo maana "nimemkata ndege" ni habari ya kisu. Mtendwa awe picha: "nimeikata picha pembeni." Na mkia ukibaki nje, sema haukuingia kwenye picha. (Bi harusi humwambia mpiga picha "umenikata kichwa" na hakuna anayeshtuka, kwa kuwa msemaji mwenyewe yu hai mbele yetu. Ndege hana utetezi huo.)

Mimi napenda zaidi "kupunguza". Ni neno la fundi cherehani na la kinyozi: kinaondoka cha ukingoni, chenyewe kinabaki. Lakini lina mtego. Ukisema "nimeipunguza picha" na kunyamaza hapo, wengi watadhani umeifanya ndogo na nyepesi ili itumwe kwa simu, na hapo ndege wako amezidi kuwa mdogo, si mkubwa. Basi ongeza "pembeni". Hata "nimepunguza nusu" haitoshi. Picha ya nukta (pikseli) 6,000 kwa 4,000 ukiipunguza nusu kwa urefu na nusu kwa upana, inabaki robo: nukta milioni 6 kati ya 24. Taja kilichobaki, usitaje kilichoondoka.

"Kukropu" liache kwenye mazungumzo.

Hukuuliza, lakini nimeliona: "limeangalia". Huyo ni ndege, ana uhai, kwa hiyo chozi ameangalia kushoto. Chozi likiwa na li- hilo limetoka jichoni.

"Mbele yake" umelitumia sawasawa. Ndege ana uso, na mbele yake ni kule anakotazama. Hata kupanga picha, nafasi kubwa huachwa upande huo. Mgomba hauna uso. Ukiniambia chozi alikuwa "mbele ya mgomba", mmoja ataelewa alikuwa upande wako, mwingine ataelewa unaupita mgomba ndipo unamkuta, kama tunavyoelekezana njia: duka liko mbele ya ule mwembe. Kwa maelezo ya picha, andika "kati yangu na mgomba" au "upande wa pili wa mgomba".