Kabla hujawajibu: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma usiku, nikairudia asubuhi. Unasema umekubaliwa kufanya mafunzo kwa vitendo ya miezi sita kwenye jumba la sanaa ng'ambo, kwamba mshahara hakuna, na kwamba aliyekutangulia huko amekuambia utashinda kutwa ukifungasha picha. Unaniuliza kama uende, au ni miezi sita ya kupotea bure.

Nianze na hilo la kufungasha, maana ndilo lililokuvunja moyo, na ndilo lililonipa mimi kazi yangu.

Nilipokuwa rika lako nami nilipelekwa chumba cha nyuma. Nilinuna. Nilitaka kukaa mbele, kwenye kuta nyeupe na wageni. Mama mmoja aliyesimamia stoo akanipa tochi, akazima taa, akaniambia niilaze tochi kando ya picha ya rangi za mafuta iliyokuwa mezani, mwanga upite juu ya uso wake kwa ubavu. Ile picha niliyoiona laini mchana kutwa ikawa na vilima na mabonde. Nyufa nyembamba kama unywele zilitambaa kutoka kona ya chini kushoto. Katikati rangi ilikuwa imevimba, karibu kubanduka. Pembeni, chini ya rangi ya ukuta uliochorwa kwenye picha, kulionekana mkono ambao mchoraji aliuchora kisha akaghairi na kuufunika. Nikaambiwa niandike yote, kila dosari na mahali pake, kwa sentimita. Hiyo ndiyo ripoti ya hali ya kazi ya sanaa. Huandikwa kabla picha haijasafirishwa na tena inapofika, na ufa ukiongezeka njiani, karatasi hiyo ndiyo watakayoishika watu wa bima. Nilikaa na picha moja saa mbili nzima. Sikuwahi kukitazama kitu kwa muda kama huo maishani mwangu.

Kwa hiyo wakikuweka nyuma, shukuru na uulize. Kwa nini kasha la picha likifika halifunguliwi mpaka lilale siku nzima ndani ya jengo? Kwa sababu mbao na turubai hutanuka na kusinyaa. Zinahitaji muda wa kuzoea hewa mpya. Kwa nini siku hizi wengi huvaa glavu za nitrili, aina ya mpira, badala ya zile nyeupe za pamba? Pamba huteleza, na nyuzi zake hunasa kwenye fremu. Kwa nini chumba cha michoro ya karatasi kina giza? Kawaida mwanga wake hauzidishwi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu), kwa kuwa rangi ikishapauka hairudi. Na usiwahi kuinua fremu kwa upau wake wa juu, hata kama unaona wengine wanafanya hivyo. Mikono miwili, ubavuni au chini.

Mbele nako kuna elimu, ingawa ni ya namna nyingine. Jumba la sanaa la biashara kwa kawaida hupewa kazi na msanii kwa amana, yaani inabaki mali yake mpaka iuzwe, na ikiuzwa mara nyingi hugawana naye nusu kwa nusu. Ukiruhusiwa kukaa karibu na anayeandika ankara, kaa. Utafahamu kwa nini msanii mmoja analipwa mapema na mwingine anangoja.

Sasa suala la fedha. Hapo una haki ya kukasirika, nami niko upande wako. Mafunzo bila malipo huwafungia mlango watoto ambao wazazi wao hawawezi kuwagharamia kodi ya chumba, na waliomo ndani ya fani wenyewe wamelikiri hilo: mwaka 2019 chama cha wakurugenzi wa makumbusho ya sanaa cha Amerika Kaskazini kiliwataka wanachama wake wawalipe wanaojifunza kwao. Ufaransa, mafunzo yakizidi miezi miwili sheria inalazimisha posho, na mkataba husainiwa na mwanafunzi, chuo na mwenyeji. Kwa hiyo kuwaomba walau nauli ya kila siku na chakula cha mchana si utovu wa adabu. Waandikie. Chumba nitakulipia mimi, hilo lisikukoseshe usingizi.

Jambo lisilo na mjadala ni viza. Wakikuambia uingie kama mtalii eti kwa kuwa hulipwi, kataa. Uingereza, kwa mfano, mgeni wa kawaida haruhusiwi kufanya mafunzo ya kazi hata bila malipo. Na viza fupi ya Schengen, ile inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, ni siku 90 tu ndani ya siku 180. Atakayerudishwa uwanja wa ndege ni wewe, wao hawatakuwepo.

Jibu langu ni nenda, ila kwanza wakuandikie mambo matatu: nani atakusimamia, utafanya nini wiki kwa wiki, na viza ya aina gani wataidhamini. Wakisitasita kuandika, wakatalie kwa upole, nasi tutatafuta kwingine pamoja.

Wakati unangoja majibu yao, teremsha ile picha iliyo juu ya kitanda chako. Zima taa, laza tochi ubavuni, kisha igeuze utazame mgongo wake. Andika kila unachokiona, kwa sentimita, unitumie.

Mama yako