Mwanangu, Usijitoe Kwenye Kikundi

Chumbageni, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Salamu zako zimefika. Sisi hatujambo, goti la mama yako limepoa na sokoni anakwenda mwenyewe.

Juzi kwenye simu uliniuliza jambo nikashindwa kukujibu, mtoto alikuwa analia. Ulisema, "Baba, mwaka huu nilijiwekea vitabu 40. Sasa ni Septemba, nimemaliza saba tu, na wenzangu wa kikundi cha kusoma wamepita ishirini. Si bora nijitoe?" Uliongea kama mtu aliyeanguka mtihani, nami sikulala vizuri.

Usijitoe. Lakini hiyo arobaini iache.

Hebu tupige hesabu. Vitabu 40 vya kurasa 200 ni kurasa 8,000, yaani kama 22 kila siku, Idi na siku za homa ya mtoto zikiwemo. Una kazi ya zamu na mtoto wa miezi minane. Kurasa kumi kwa siku zinakupa vitabu 18 kwa mwaka. Kurasa tano zinakupa tisa. Bibi yako alipoingia ngumbaru, masomo ya watu wazima, miaka ya sabini, alijiwekea ukurasa mmoja kila usiku kabla mafuta ya koroboi hayajaisha. Usiku mwingi alikosa. Lakini nilipoanza kazi mbali naye, barua zangu alizisoma mwenyewe, hakumwita tena mtoto wa jirani. Nawe chagua saa na mahali, vitabu vitajihesabu. Mimi ni baada ya alasiri, kibarazani, simu nimeiacha ndani. Wewe unaweza kumsomea mtoto akiwa ananyonya. Haelewi kitu, lakini ukurasa umekwenda.

Sasa hilo la wenzako, ndilo hasa lililonikalisha niandike.

Mwaka 1986 nilikuwa karani wa kuhesabu mizigo bandarini hapa. Gatini maji hayakuwa na kina, meli zilitia nanga mbali, na robota za katani tulizipeleka kwa matishari, yale mashua ya mizigo. Tishari likichelewa tulikaa kivulini saa nzima, pengine mbili. Nilikuwa na nakala ya Kuli, riwaya ya Shafi Adam Shafi ya mwaka 1979, habari ya makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa 1948. Niliisoma kwa siku tatu, mbiombio, nipate kuchukua nyingine. Basi kuli mmoja mtu mzima, asiyejua kusoma, akaniuliza, "Karani, humo wanasema nini juu yetu?" Nikaanza upya, kwa sauti.

Wakawa wananisimamisha kila mara. "Rudia hapo." Nilipofika penye mzigo, yule mtu mzima akavua shati akanionyesha sugu ya begani, akanishika mkono niiguse. Ilikuwa ngumu kama kisigino. Penye mgomo ndipo tulipokwama kabisa. Mmoja alisema hawezi kuamini, maana mwenye watoto saba atawalisha nini siku ya tatu? Mwingine akamjibu kwamba hao saba ndio sababu ya kugoma. Walibishana mpaka tishari likafika, na kesho yake wakaendelea pale pale. Kuna wiki hatukuvuka kurasa mbili. Tulimaliza baada ya miezi minne, kisha nakala ikazunguka kwa waliojua kusoma, na kila aliyetaka akaandika pembeni kwa penseli.

Kile nilichosoma peke yangu kwa siku tatu sikikumbuki sana. Sugu ile naikumbuka mpaka leo.

Kwa hiyo waombe wenzako waache kupangana nani yuko mbele. Chagueni kitabu kimoja kwa miezi miwili, mkisome nyote, na mkikutana mtu asome kwa sauti pale palipomgusa au palipomuudhi. Bei za vitabu nazijua. Nakala tatu zinatosha watu tisa zikizunguka, na mjiandikishe pia maktaba ya mkoa. Ila muwe na daftari: jina la kitabu, aliyechukua, tarehe ya kurudisha. Mimi nilipoteza vitabu vizuri kwa kuona haya kuandika jina la rafiki. Rafiki mwema hachukii daftari.

Jumamosi nakutumia ile Kuli kwa basi la Dodoma. Nimeifunga kwa gazeti, jalada la nyuma halipo, ishike polepole. Penye mgomo utaona penseli ya yule wa watoto saba. Aliandika neno moja, "Uongo." Chini yake mwenzake akaandika, "Kweli." Andika na lako, kisha mpe mwenzako mmoja, uniambie ni nani.

Baba yako