Nyuzi za vikaragosi: tuzifute au tuziache?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi na wenzangu tunatengeneza filamu fupi ya vikaragosi vya nyuzi, ya kuwatania wanasiasa na sinema za mapigano. Tumeipenda sana Team America: World Police ya 2004. Je, nyuzi tuzifute kwa kompyuta? Na mbona vikaragosi vyetu vikitembea vinaelea? Hata mlipuko wetu unaonekana moto wa kibiriti.

JIBU: Marahaba. Nyuzi ziacheni. Trey Parker na Matt Stone, watengenezaji wa filamu hiyo, waliziacha makusudi, na utani wenyewe uko hapo: komando wa Marekani anajiona polisi wa dunia nzima, huku sisi tunaona waya umemtoka utosini. Kila kitu kingine walikifanya kwa umakini wa sinema kubwa. Mpiga picha wao alikuwa Bill Pope, yule wa The Matrix. Ila nyuzi zisimeremete. Zipakeni rangi isiyong'aa, inayokaribiana na ukuta wa nyuma.

Kuelea hakuna dawa kamili. Kikaragosi kimeshikwa kwa juu, kwa hiyo nyayo zinagusa sakafu bila kuikanyaga. Waingereza wa Thunderbirds, kipindi cha televisheni cha vikaragosi cha miaka ya 1960, walikwepa tatizo kwa kuwapandisha wahusika vyombo vya usafiri kila mara na kuficha miguu. Parker na Stone waliugeuza udhaifu huo kichekesho: makomando wanapigana kwa kupepesuka na kugongana kama nguo kwenye kamba siku ya upepo. Basi penye kicheko onyesheni miguu. Penye huzuni kateni picha kiunoni, na mchezeshaji ashushe mabega kidogo kwa kila hatua. Mimi huongeza chubwi za wavuvi ndani ya viatu. Mguu ukishuka, unashuka kweli.

Sasa moto. Nyumba mnayoilipua mmeipunguza ukubwa, lakini ndimi za moto zina kasi yake ileile, ndiyo maana jicho halidanganyiki. Vikaragosi vya filamu ile vilikuwa kama theluthi ya mtu, takriban sentimita 56. Kwa kipimo hicho, zidisheni picha 24 za kawaida kwa kipeuo cha pili cha 3, yaani 1.73: mnarekodi picha kama 42 kwa sekunde. Vyenu vikiwa robo ya mtu, rekodini 48. Mkionyesha kwa 24, moto unapanda polepole, mzito, kama wa ghorofa.

Ndoo ya mchanga iwe karibu, na siku ya mlipuko tumieni waya mwembamba. Nailoni huyeyuka kabla hamjasema "kata", na rais wenu ataanguka kifudifudi katikati ya hotuba.