Barua kwa mwanangu Semeni: nilikuwa namwambia nani aseme

Mwanangu Semeni,

Voisi yako ya juzi nimeisikiliza mara tatu. Umesema huko kazini kwako kupya Dodoma yule dada aliyekuwa anakujazia fomu kakuuliza "Semeni nini sasa?" na wenzie wakacheka, alafu ukaniuliza, mama, mlikuwa mnamwambia nani aseme? Na kama ukienda kwa mwanasheria ukalibadilisha jina ntakasirika? Kwenye simu siwezi kulieleza hili likaisha, ndio mana nakuandikia, usome ukiwa umetulia.

Kweli nilikuwa nawaambia watu. Na hawakuwa wachache.

Niliolewa Pangani nina miaka 19 na miaka sita yote sikushika mimba. Unazijua nyumba zetu za ua mmoja, unapita na ndoo kwenda kisimani wanawake wote kimya, ukishapita tu wanaanza. Kaoa tasa. Huyo kafungwa kizazi huko huko kwao. Baba yako hakunitamkia neno baya hata siku moja ila nilikuwa namuona anavyorudi kutoka barazani, anakula matonge mawili anasukuma sahani. Nikanywa dawa za miti mpaka tumbo likawa halipokei chakula. Mwaka wa saba ukaingia wewe, na hata tumbo lilipoonekana wakasema ni uvimbe, baadae wakasema mimba sio ya mumewe, yani hakuna kilichobaki kusemwa mwanangu.

Siku ya saba, siku ya akika yako, mbuzi keshachinjwa na nywele zako zishanyolewa, bibi yako mzaa mama aliyekuja toka Muheza akafungua kifurushi chake akatoa doti ya kanga mpya imeandikwa NILIJUA MTASEMA. Akakufunika nayo akatoka na wewe uani wakiwa wamekaa wale wale, akasema, mjukuu wangu huyu anaitwa Semeni. Hakupandisha sauti wala hakumtazama mtu. Si unajua yale maandishi ya kanga sisi wa pwani tunayaita jina, dukani mtu anauliza "kanga hii jina lake nini?" kabla hata hajaangalia rangi, basi jina la mtoto nalo lilikuwa linafanya kazi hiyo hiyo, unafikisha ujumbe na huna kesi na mtu mana umemuita mwanao tu. Kila nikikuita Semeniii njoo ule, ua mzima unasikia. Na nilikuwa nakuita hata kama sina shida na wewe, nilikuwa napenda tu kukuita.

Hasira haikuwepo, nataka hilo ulijue. Ilikuwa furaha iliyonizidi.

Na huko nje hauko peke yako, wapo kina Sikudhani, Sikujua, Siamini, Sijali, wapo kina Tabu na Shida na Mashaka na Masumbuko, na kila mmoja ukimuuliza mzazi wake kuna kitu kilitokea kwenye nyumba ile. Mengine ni ya siku tu. Bibi yako huyo huyo hajawahi kuwa na cheti cha kuzaliwa ila anajua alizaliwa Ijumaa mana ni Mwajuma, Mwanahamisi ni wa Alhamisi, Chausiku kazaliwa usiku, Mwamvua mvua inanyesha, Mwanaidi sikukuu, Shabani na Ramadhani ni miezi, Pili na Tatu wanahesabiwa kwa mama yao. Pacha kina Kulwa na Doto walikuwa wa Wasukuma na Wanyamwezi huko, saivi hata hapa Tanga wapo. Siku hizi kliniki nasikia wanaitwa kina Happiness, Goodluck, Gladness, na ni majina mazuri, Happiness si ndio Furaha, Goodluck si ndio Bahati? Lakini Happiness akijaza fomu haulizwi "Happiness nini". Hilo ndilo linaloniuma, kwamba lugha yetu wenyewe ndio imekuwa ya kuchekwa ofisini.

Kuhusu kulibadilisha, we ni mtu mzima na jina unalivaa wewe. Siti binti Saad alizaliwa Fumba huko Unguja akaitwa Mtumwa, jina la Siti likaja baadae akiwa mjini anaimba, na ndilo lililokwenda naye Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri. Jina kama lile nani angetaka kufa nalo, alifanya vizuri kuliacha. Lakini Bi Kidude yeye alikuwa Fatuma binti Baraka, wanasema alizaliwa kadogo sana ndio akaitwa kidude, na akabaki nalo mpaka anafariki 2013, dunia nzima inamjua kwa hilo. Kwa hiyo angalia lako likoje moyoni mwako, usiangalie yule dada wa fomu.

Alafu kuna kitu sidhani kama nimewahi kukwambia vizuri. Semeni ni jina lako la utoto, likaja likaandikwa kwenye kadi ya kliniki na baadae kwenye cheti likaganda hapo. Upande wa baba yako walikupa jina la mama yao, Mwanahawa, we ni somo yake. Ndio mana shangazi zako mpaka leo wanakuita "mama" na wanakuamkia, we ulikuwa unadhani wanakutania. Ukitaka kutumia Mwanahawa hutakuwa umechukua jina la kuazima, ni lako toka arobaini yako.

Ile doti, kipande kimoja nilikubebea mpaka kikatoboka nikakikata nepi za mdogo wako. Cha pili kipo kwenye sanduku, maandishi bado yanasomeka. Ukija Idi nikumbushe nikupe.

Mama yako